Ukiona Vyaelea

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeifundisha darasani, nimeifafanua katika mitihani, na hata kuitaja katika pendekezo langu la utafiti wa uzamili. Hata hivyo, maana yake niliielewa juzi tu, tena kwa kufunzwa na konokono.

Nililelewa na bibi katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Kenya. Maji yalipokupwa wakati wa bamvua, tuliandamana hadi mwambani, yeye na kikapu, mimi na mkebe. Tulitafuta kete, yaani kauri ndogo zenye duara la rangi ya dhahabu mgongoni. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliziita *annulus*, maana yake pete kwa Kilatini. Tulizifukia mchangani nyuma ya nyumba mpaka uvundo ulipokwisha, tukaziosha, kisha bibi akawapelekea wachuuzi waliowauzia watalii. Ndizo zilizonilipia karo.

Kusoma kwangu kulinionyesha kwamba hatukuwa wa kwanza. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walisafirisha shehena za kete hizi kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi. Huko zilitumika kama sarafu, hata wingi wake ukazipunguzia thamani. Waganda nao hadi leo huita fedha *ensimbi*, jina lile lile la kauri.

Lakini lililonishtua ni jambo jingine. Konokono huyu akiwa hai hutoa nyama yake laini pande zote mbili, akalifunika kombe lake. Nyama hiyo ndiyo inayolijenga, kulilinda na kulipa mng'aro. Akifa, kombe likabaki likisukwasukwa ufuoni, jua na mchanga hulifubaza. Kwa hiyo kete zetu zilizong'aa, zile zilizopata bei, zilikuwa zimetolewa majini zikiwa hai.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi hayo kwa sauti ya mtu aliyegundua siri. Alinisikiliza huku akipepeta mchele.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe umeyajua vitabuni, mimi niliyajua kwa pua. Uvundo ule ulidhani ni wa nini?"

Sikuwa na jibu. Akaweka ungo chini.

"Nilikuwa na wewe mmoja tu, na mwamba ulikuwa na kete tele. Siku hizi wanawake hurudi na vikapu vitupu. Hilo nalo nalijua."

Hakuniomba msamaha, wala sikuona haki ya kumdai. Nilichukua ungo, nikaendelea kupepeta.

Mezani pangu chuoni pana kete moja iliyosalia. Zamani niliiweka kama pambo. Sasa kila nikiandika jina langu juu ya ukurasa wa tasnifu, huitazama kwanza. Usomi wangu nao waelea, na miongoni mwa walioukwea mwamba ili uundwe, wapo wasioulizwa.