Neno "Kariakoo" na Mzigo wa Wapagazi

Kila asubuhi, nitokapo nyumbani Mchikichini na kuvuka Barabara ya Msimbazi, hupishana na wanaume waliojitwika marobota ya mitumba. Watu huwaita makuli, neno ambalo baadhi ya wanaisimu hulinasibisha na Kitamil cha kusini mwa India, kwa maana ya ujira. Wanafunzi wangu wa uzamili hushangaa niwaambiapo kwamba jina la Kariakoo nalo lilitokana na wachukuzi.

Kiisimu, suala lenyewe si gumu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipigishwa kambi penye jengo la soko lililoachwa na Wajerumani. Katika neno la pili, p na s hazitamkwi, r hudondoshwa na Waingereza wengi wenyewe, na irabu ndefu inayobaki ndiyo tuiandikayo oo. Nairobi, ambako palikuwa na kambi kama hiyo, jina huandikwa Kariokor. Neno letu, basi, lilipokewa kwa sikio, si kwa jicho. Lingalisomwa, pengine leo tungalisema "korpsi".

Bibi yangu mzaa mama, Mluguru, hakulitumia kama jina la mahali. "Baba alikwenda kariakoo," alikuwa akisema, akikusudia mwaka 1917, baba yake alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi. Utotoni nilidhani mzee yule alipotelea sokoni.

Kwa nini walihitajika watu wengi kiasi kile? Katika vita vya karne ya 18 kusini mwa India, mizigo ya Waingereza ilitegemea mno maksai. Mwaka 1791 Cornwallis alifika Seringapatam, mji mkuu wa Mysore, akalazimika kurudi nyuma na kuiharibu mizinga yake mizito, kwa kuwa maksai walikuwa wamekufa na chakula kimekwisha. Huku kwetu ndorobo aliwamaliza farasi, maksai na hata punda, ukabaki mgongo wa binadamu. Hesabu yake ni katili. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku: akienda siku kumi na mbili na kurudi kwa siku kumi na mbili, amekwisha kuula karibu mzigo wote. Kwa hiyo huhitajika mpagazi wa kumlisha mpagazi. Upande wa Waingereza uliandikisha takriban watu milioni moja; zaidi ya 95,000 walikufa kwa hesabu za serikali yao wenyewe, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwadhuru hasa wale ambao hawakuuzoea.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi. Aliyesimama juu yake, hata hivyo, ameshika bunduki.

Bibi alipotutembelea mjini hakukubali kwenda Kariakoo hata kununua kitenge; tulimpeleka Ilala. Nimeandaa kidahizo cha kamusi: *kariakoo*, nomino, uchukuzi wa lazima wa mizigo ya vita. Mhariri ameniuliza, na ana haki, ushahidi wa matumizi uko wapi. Mzungumzaji wangu ni mmoja, naye alifariki mwaka 1984. Msomaji aliyewahi kulisikia neno hili likitumiwa hivyo, hususan Uluguru au Rufiji, namwomba aniandikie.