Hadi Kumi

Tuliondoka Kilifi kabla ya adhana ya alfajiri, kiti cha magurudumu kimefungwa juu ya matatu, mwanangu mapajani pa kaka yangu. Miritini tukapanda treni. Mimi nilikuwa sijawahi kuipanda, wala Nairobi sijafika. Reli hii ilianza kubeba abiria mwaka 2017, mwaka aliozaliwa mwanangu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa inampeleka kupimwa uelewa.

Mtindio wa ubongo umemnyima matamshi, na mikono yake haimtii. Ulimi wake ni macho: akiyainua, ndiyo, akiyafumba, hapana.

Alikwisha kupimwa mara moja, karibu na nyumbani. Alifunguliwa karatasi yenye picha nne, likatajwa neno, akaambiwa aoneshe kwa kidole. Vipimo vya namna hii ni vya zamani. Kile cha Peabody cha Marekani kilichapishwa mwaka 1959. Likatajwa neno mwavuli. Macho yake yakatua kwenye mwavuli, mkono ukaruka upande wa pili, akaandikiwa kosa. Niliposema ameutazama mwavuli, nikaambiwa ninamdokezea. Ripoti ikasema akili yake ni ya mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyu hucheka mzaha wa mjomba wake kabla haujamalizika! Ripoti ile niliiweka kabatini, chini ya leso, nisiione.

Nairobi tulipokewa na mtaalamu, mwanamke wa makamo, akamsalimia mwanangu kwanza ndipo akanisalimia mimi. Mezani palikuwa na kompyuta, na chini ya skrini kijiti chenye kamera na taa ambazo mwanga wake hauonekani. Mwanga huo hugonga jicho ukarudi, na kompyuta ikajua jicho linatazama wapi. Lakini kwanza sharti mtoto afuate nukta inayohamahama kwenye skrini. Mara tatu ilishindikana, kichwa kinaanguka. Mtaalamu akaomba leso yangu, akaikunja, akamwegemeza nayo shingo. Ya nne ikakubali.

Picha iliyotazamwa kwa sekunde moja ilihesabiwa kuwa ndiyo jibu. Hapo pakaharibika. Nani huchagua kabla ya kutazama vyote? Mwanangu alikuwa bado anapitia picha, mashine imeshamjibia. Mtaalamu akaongeza muda ukawa sekunde mbili, na mwanangu akapata tisa mfululizo. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake, hanioni. Hakuna awezaye kusema nilimdokezea, na kwa hilo pekee naishukuru kompyuta ile.

Baadaye macho yakaanza kutoka machozi kwa uchovu, na jua la dirishani likaivuruga kamera. Mashine iliendelea kuhesabu makosa. Mtaalamu akaizima. Akatoa kipande cha plastiki angavu, akabandika kadi kwenye pembe zake, akakishika kati ya uso wake na wa mtoto. "Chagua, baba. Sina haraka." Akamletea na michoro yenye pengo la kujazwa, ya aina aliyoichapisha Mwingereza Raven mwaka 1938, isiyohitaji kutaja neno lolote. Akajibu, akapumzishwa, akanywa uji, akajibu tena.

Nilitaka namba ya kuifutia ile ya kabatini. Akanikatalia kwa upole. "Mama, nimebadilisha muda na namna ya kujibu. Jedwali la alama za watoto wanaoonesha kwa kidole halinifai tena. Nitaandika anachoweza, sitaandika umri wa akili." Iliniuma kidogo. Lakini mtu anayekataa kusema asichokipima, nikamwamini na aliyoyasema.

Kwenye treni ya kurudi, tukikata Tsavo, kaka akaifungua ripoti. Mstari wa kwanza ulisema: juu ni ndiyo, kufumba ni hapana, anayeuliza ahesabu hadi kumi kabla ya kurudia swali.

Kaka akaikunja, akamwinamia. "Mjomba, una njaa?"

Akaanza kuhesabu kimya, kwa vidole. Alipofika saba, macho yakapanda.