Mnero: Kabla ya kuhama mtandao, pima kitandani kwako

Ukitoka Lindi mjini kwenda Mnero, simu inakuambia umefika wapi kabla kondakta hajasema. Mingoyo mtandao umejaa. Mtama upo. Njia panda ya Nanganga, pale wasafiri wa Masasi wanapoachana na wa Ruangwa, bado nilikuwa natuma picha. Nilipopita Ruangwa na kuingia kwenye vilima na mikorosho, alama zikaanza kupungua moja moja. Nilipoteremka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya dada yangu, simu ilikuwa kama saa ya mkononi. Inaonyesha muda tu.

Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho. Shemeji alikuwa shambani tangu alfajiri. Mtoto wao wa miaka miwili alikuwa anakimbiza kuku uani. Akasimama, akanitazama, kisha akaita, "Mama mdogo!" Dada alitoka jikoni taratibu, mkono mmoja kiunoni. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Mdogo wangu, afadhali umekuja," alisema baada ya salamu. "Wewe ni mtu wa mjini. Niambie, mtandao gani mzuri? Nataka kuhama."

Rafiki yake anayeishi Nachingwea mjini alikuwa amemsifia mtandao wake. Bando linakaa wiki nzima, video hazikwami. Dada alitaka kuhamia huko na namba yake ileile. Ningeweza kumjibu palepale kwa mazoea ya Dar es Salaam. Nilishindwa, kwa sababu ya usiku mmoja ambao nyumba hii bado haijausahau.

Usiku wa kichuguu

Miaka miwili iliyopita, mimba ya huyu mkimbiza kuku ikiwa inakaribia siku zake, dada alianza kutokwa damu saa nane usiku. Shemeji alipiga simu akiwa chumbani, haikutoka. Akatoka uani, haikutoka. Akakimbia na tochi hadi kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, mahali ambapo vijana huenda jioni kutafuta mtandao. Huko alipiga mara nyingi kabla ya kumpata mwenye pikipiki. Ilipita zaidi ya saa nzima.

Walifika hospitali. Dada aliongezewa damu, mtoto akazaliwa hai. Lakini hadi leo ukimuuliza dada kuhusu saa ile, anabadilisha mazungumzo.

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya, nimekutana mara nyingi na somo la ucheleweshaji wa aina tatu, lililoelezwa na watafiti wawili mwaka 1994 na bado linafundishwa. Mama mjamzito hupotezwa na kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, au kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Simu imekaa katikati ya kuamua na kufika. Familia ya dada iliamua mapema. Hospitali ya misheni ya Mnero watu wa mbali wanaijua, seuze wao. Kilichokosekana ni waya wa kuunganisha uamuzi na usafiri.

Leo upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa ajili ya nchi nzima Aprili 2022. Ukipiga 115, simu inapokelewa na mhudumu anayesikiliza hali ya mjamzito au mtoto mchanga, kisha anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo ni ya bure. Lakini bure haimsaidii mtu ambaye simu yake haishiki mtandao mahali alipolala.

Daftari la kurasa mbili

Kwa hiyo sikumjibu dada. Nilimwomba wiki moja.

Nilikuwa nimekuja na laini mbili za mitandao tofauti, zilizosajiliwa kwa alama zangu za vidole na namba yangu ya NIDA. Dada alikuwa na ya kwake, na bibi, mama yake shemeji, alikuwa na nyingine kwenye kitochi chake. Jumla mitandao minne. Tulichukua daftari la shule, tukachora mistari.

Kushoto tuliandika mahali. Kitandani kwa dada, jikoni, kisimani, shambani kwa shemeji, ghala la chama cha msingi anakopeleka korosho, na njia ya kwenda kliniki. Juu tuliandika saa. Asubuhi, saa mbili usiku wakati kila mtu yuko kwenye simu, na saa nane usiku.

Kila mahali tulijaribu mambo manne: kupiga, kupigiwa, kutuma ujumbe mfupi, na kutuma picha ya kadi ya kliniki kwa WhatsApp. La kupigiwa wengi hulisahau. Unaweza kupiga ukiwa umenyoosha mkono dirishani, lakini simu ikiwa imelala chini ya mto, dereva anayekutafuta ataambiwa hupatikani.

Bibi alitutazama siku ya kwanza akacheka. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu. Mnapima ardhi au mnapima hewa?"

"Hewa, bibi."

"Basi pimeni mpaka ndani. Wajawazito hawazalii barabarani."

Bibi alikuwa ametaja jambo ambalo Nachingwea ililionja zamani. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakasema karanga zitastawi. Mradi ulianza mwaka 1947. Nachingwea ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na baadaye reli ikang'olewa. Ramani ya mtandao inayopakwa rangi wilaya nzima ni kutazama kutoka kwenye ndege. Haijui kitanda chako kiko upande gani wa kilima.

Tulichokiona

Mtandao aliosifiwa dada ulikuwa mzuri kweli, pale barabarani. Ulisoma 4G, picha ilikwenda mara moja. Tulipoteremka kuelekea nyumbani, 4G ikawa E, na chumbani ikapotea. Rafiki yake hakumdanganya. Alimwambia ukweli wa Nachingwea mjini.

Mtandao wa pili ulisoma chumbani lakini kwa kusitasita. Dirishani unaongea, kitandani sauti inakatika. Mabati hupunguza nguvu ya mawimbi, na ukuta wa tofali za kuchoma hupunguza tena. Kilima nacho ni ukuta mkubwa zaidi.

Wa tatu, wa kwenye kitochi cha bibi, haukuwa na intaneti ya maana. Picha ya kadi ilizunguka mpaka tukachoka. Lakini saa nane usiku, kitandani kwa dada, ulipiga na kupigiwa usiku wote tatu tuliojaribu. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko ya masafa ya juu, na mara nyingi simu ya kupiga na kupokea tu huhitaji nguvu ndogo kuliko video. Wa nne, aliokuwa nao dada siku zote, ulifanya vizuri shambani na ghalani, kwa shida nyumbani.

Siku ya tano umeme ulikatika mchana. Usiku mitandao miwili ikazimika kwa wakati mmoja. Shemeji alishangaa, akauliza inawezekanaje makampuni mawili yaharibikiwe dakika ileile. Jibu ni kwamba mara nyingi makampuni hukodi nafasi kwenye mnara mmoja. Betri zikiisha, wote wanazimika. Familia yenye laini mbili inaweza kudhani ina njia mbili, kumbe ina mnara mmoja.

Nikiwaandikia majina ya mitandao hii, nitawapotosha. Mnero yenyewe si sehemu moja. Kuna Mnero Ngongo, kuna Mnero Miembeni, na kaya mbili zinazoonana zinaweza kupata majibu tofauti. Majibu hubadilika pia na wakati. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini katika kata 713. Mnara mpya ukiwaka karibu nanyi, rudieni daftari lenu.

Kabla hujatuma neno HAMA

Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuingia ukiwa na kitambulisho, na ombi linathibitishwa kwa kutuma neno HAMA kwenda 15080. Ni haki nzuri, lakini ukishahama huwezi kurudi kesho yake. Kuna muda wa kusubiri. Kwa mzazi ninashauri haya kwanza.

Nunua au azima laini ya mtandao unaoutaka, uiweke kwenye nafasi ya pili ya simu kwa wiki moja au mbili. Pima mahali unapolala, si kituo cha basi. Pima usiku, na pima siku umeme umekatika.

Toa pesa zote kwenye akaunti ya simu, maliza salio na bando, lipa mkopo wowote uliokopa kwenye laini. Salio la muda wa maongezi halikufuati.

Angalia kama mtandao mpya una wakala wa pesa wa karibu, na kama huwa na pesa taslimu. Mtandao unaosoma vizuri lakini wakala wake yuko safari ya nusu siku hautakusaidia kulipa mafuta ya pikipiki usiku.

Waarifu shule, kliniki, chama cha msingi na ndugu wanaokutumia pesa. Namba itabaki ileile, lakini atakayekutumia anaweza kukutana na makato ya kutuma mtandao mwingine.

Mwisho, hakikisha tatizo si simu. Simu ya zamani inaweza isipokee 4G hata mnara ukiwa nje ya mlango. Kabla ya kulaumu kampuni, ingiza laini hiyohiyo kwenye simu nyingine, mahali palepale.

Uamuzi wa nyumba

Jioni ya siku ya saba tulikaa mkekani na daftari. Dada alilisoma polepole, kidole kikipita kwenye safu ya saa nane usiku. Hakuhama. Namba yake imebaki ilipo, kwa sababu ndiyo inayojulikana kliniki na ghalani. Kwenye nafasi ya pili aliweka laini yake mwenyewe ya mtandao wa bibi, na shemeji akaweka ya mtandao uliobaki hewani siku ile umeme ulipokatika. Bando la video wamekubali kulikosa kwa sasa.

Kwenye karatasi ya ukuta, juu ya kitanda, tuliandika kwa kalamu nene: 115. Chini yake namba za waendesha pikipiki wawili, kila mmoja wa mtandao tofauti. Chini zaidi tuliandika dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa au kuona maruerue, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza tumboni, maji kuvunjika kabla ya wakati.

Kisha shemeji akasema jambo ambalo hakuna laini ingelisema. Wiki mbili kabla ya siku zenyewe, dada atahamia kwa ndugu wanaoishi jirani na hospitali. "Simu ni ya pili," alisema. "Ya kwanza ni kuwa karibu."

Nilipoondoka asubuhi, mtoto alinisindikiza hadi kwenye kichuguu. Alisimama juu yake, akaweka kiganja sikioni kama baba yake, akapaza sauti, "Haloo! Haloo!" Dada alimtazama, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka akiwa mahali pale.