Picha ya Kwenye Kopo

Ndugu zangu wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki,

Huku Minnesota barafu imeyeyuka maziwani, mbu wameamka, na vijana wa kanisa letu wamepata wazo linalowakosesha wazazi usingizi. Mwezi Agosti wanataka kwenda kupiga kasia nyikani, Boundary Waters, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada. Huko kuna zaidi ya ekari milioni moja za misitu, maziwa zaidi ya elfu moja, hakuna duka, na kwa sehemu kubwa simu haishiki. Mama zao ni watu wa Tetu na Mathira. Kwao mto ni wa kuteka maji na kunyweshea ng'ombe, na mto Gura waliuogopa kabla hawajajua kusoma.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemaliza mjadala: hakuna mtoto atakayepanda mtumbwi kabla watu wazima hawajaenda kuiona njia. Nikatumwa mimi pamoja na jirani mmoja wa Karatina aliyekwisha kuzoea makasia.

Nyinyi mnaoishi karibu na kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hamhitaji kuelezwa kazi ya skauti. Skauti ni mtangulizi, na hatafuti mandhari. Anatafuta mahali ambapo aliye mnyonge kuliko wote atashindwa, na anapatafuta kabla mnyonge huyo hajafika.

Tulianzia mashariki ya mji wa Ely, tukafuata maziwa ambayo aliyeyapa majina hakujisumbua sana: Lake One, Lake Two, Lake Three, Lake Four. Lake One lina ghuba na visiwa vingi, na ni rahisi kupotea humo. Kila tulipopita rasi tuligeuka kutazama tulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi huwa na sura nyingine. Lake Three ni pana. Upepo wa mchana ukivuma kutoka magharibi, mawimbi yanaweza kuujaza mtumbwi maji. Tukaandika: watoto wavuke asubuhi, wakiambaa ufukoni. Sheria ya Minnesota inamlazimu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuvaa jaketi la kuokoa maisha, na wengine wawe nalo chomboni. Ripoti yetu ni kali kuliko sheria: kila mtu atalivaa, hata mchungaji.

Kando ya maziwa hayo kuna alama za moto wa Pagami Creek, uliowashwa na radi Agosti 2011 ukateketeza zaidi ya ekari 90,000. Siku moja tu ya Septemba ulikimbia zaidi ya kilomita 20. Misonobari michanga imeota, lakini magogo makavu bado yamesimama kati yake, na upepo huyaangusha. Hapo hema halipigwi. Kambi zilizoruhusiwa zina jiko la chuma na choo, ila huwezi kuiwekea nafasi kambi yoyote. Aliyetangulia kufika ndiye mwenyeji, kwa hiyo kundi litafika mapema alasiri au lilale pabaya.

Kati ya Lake One na Lake Two maji hukatika mara mbili, na huna budi kuubeba mtumbwi kichwa chini miguu juu, ukiwa umeukalisha mabegani. Umbali huo hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Kila sehemu haifiki mita 250, na mtu anaweza kuidharau. Lakini mzigo ukibebwa kwa awamu mbili, njia moja huwa tatu: unakwenda na mzigo, unarudi mikono mitupu, unakwenda tena. Mita 200 zimekuwa 600, kwenye mawe na tope.

Hapo ndipo mama zetu watakapowashinda Wamarekani. Mikoba ya turubai ya zamani ya eneo hili ina ukanda wa kupitisha kwenye paji la uso, na wafanyabiashara wa manyoya wa karne ya 18 waliwatumia watu waliobeba hivyo mafurushi mawili ya kilo 40 kila moja. Ni mũkwa ule ule ambao nyanya zetu walibebea kuni kutoka msituni.

Shida kubwa hatukuikuta majini. Kanuni inasema kundi lisizidi watu 9 na vyombo 4, na vibali vya kuingia hutolewa kwa idadi maalum kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30. Sisi tuko 14. Itabidi tuwe makundi mawili yenye vibali viwili, na hayaruhusiwi kuchanganyika, si kambini, si majini, si njiani. Wazee walinuna, maana walishapanga ibada ya pamoja. Mapishi nayo yamepangwa upya: makopo na chupa za kioo ni marufuku, na njahi itamaliza kuni kabla haijaiva. Unga wa ugali umepita mtihani.

Wazazi waliposikia haya walisema tunawatisha watoto. Nikawakumbusha Nanyuki. Januari 1943 mateka watatu Waitaliano walitoroka kambi ya Waingereza mjini humo ili wapande Mlima Kenya. Miongoni mwa walivyotumia kuusoma mlima ni picha iliyokuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Mmoja aliugua akabaki chini. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walijaribu kilele cha Batian, mlima ukawakatalia, wakasimika bendera yao kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini na kujisalimisha. Ushujaa walikuwa nao tele. Lakini lebo ya kopo huchapishwa ili nyama inunuliwe, na haimwambii mtu barafu ni ngumu kiasi gani.

Na sisi tulio huku tumewatumia lebo za kopo kwa miaka mingi: picha kando ya gari, picha ya theluji ya kwanza, picha ya sherehe ya kuhitimu. Zote ni za kweli. Hazionyeshi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, wala kodi ya nyumba inayokungoja mwisho wa mwezi, wala muuguzi aliyehitimu nyumbani akifanya tena mtihani ndipo apewe leseni. Anayefanya kazi mbili ndiye yule wa awamu mbili: njia yake ni mara tatu. Tulitangulia, na ripoti tuliyotuma ilikuwa ya mandhari tu.

Kwa hiyo kijana wa Mlima Kenya anayejaza fomu za viza leo, akimpigia mjomba wake aliye huku, asimwulize kama maisha ni mazuri. Amwulize mzigo una uzito gani, unabebwa umbali gani, na nani yuko upande wa pili wa kumpokea. Mjomba akimjibu kwa picha, ampigie mwingine.

Wenu,
wa ughaibuni