Bariadi: Kuku wa mtoto akiumwa na mbwa

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ni mji wa pamba. Lakini nyuma ya nyumba nyingi utawakuta kuku wa kienyeji wakichakura. Wengi ni mboga ya wageni. Mmoja huwa wa mtoto, na ana jina.

Siku mbwa anapomrarua huyo, mtoto hukimbilia kiroba cha pamba azibe damu. Mzuie, nyuzi hunasa kidondani. Tumia kitambaa safi, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kuku akae peke yake tengani, kwenye kivuli, maana wenzake hudonoa damu. Apate maji, na nzi wasimfikie, wasije wakaacha funza. Kidonda kirefu ni cha mtaalamu wa mifugo.

Kabla ya yote hayo, muulize mtoto: "Mwanangu, mbwa amekugusa?" Aliyepigania kuku wake huweza kuficha mkwaruzo akiogopa kugombezwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, ila huzuilika: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo.

Kuku atasubiri tengani.