Hesabu ya Viatu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na ndivyo alivyoishi marehemu bibi yangu kule Kisauni, ambaye sikumsikia hata siku moja akimuuliza mtu amekuja na wangapi. Watu wakizidi, mchuzi huongezwa tui, mkeka hutandikwa ukumbini, maneno yakaisha. Lakini bibi, Mungu amrehemu, hakupata kukodisha nyumba kwa usiku mmoja mmoja. Mimi nakodisha, na jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kuhesabu viatu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na karo ya kwenda mbele, na riwaya ninayoiandika imefika sura ya sita ikagoma. Hata nauli ya matatu haijanipatia. Shangazi yangu, aliyeko Doha mwaka wa kumi sasa kwa kazi, ana nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu huku Bamburi, na akaniachia niiendeshe. Nafua mashuka, nanunua tokeni za stima, naagiza maji ya lori bomba likikauka, na kwa mkaazi wa Mombasa habari za bomba kukauka si habari. Wageni wengine hutupata kwa Airbnb, wengine kwa kuambiana. Kikomo ni watu 4. Kimeandikwa kwenye tangazo, kimebandikwa ukutani, na mimi mwenyewe hukitamka kwa kinywa changu ninapotoa ufunguo.

Basi wanakuja 9.

Ilikuwa Desemba, msimu ambao watu wa bara huishukia pwani kama kumbikumbi. Waliojiandikisha walikuwa wanne, na niliowapokea alfajiri ile kutoka treni ya usiku walikuwa wanne vilevile, wapole, wamechoka. Jioni nikarudi na mtungi wa gesi. Pale mlangoni, ndugu msomaji, nikakuta jozi tisa. Raba za kiume mbili, ndara za kila rangi, viatu vyeusi vya shule vya mtoto ambavyo bila shaka vililetwa baharini kwa kukosekana vingine, na pembeni kabisa, vimepangwa kwa adabu, viatu vya mpira vya kizee vilivyoshonwa upande kwa uzi mweupe.

Mwenye viatu hivyo nilimkuta sebuleni, ajuza, ametia miguu ndani ya beseni langu la kufulia. Alitoka ufuoni Pirates, akaniambia chumvi imemwasha. Mwanawe, aliyelipa nyumba, alisimama mbele yake kama anayemkinga.

"Boss, usijali. Hawa ni familia tu. Huyu ni mama yangu. Sasa, mama ya mtu huhesabiwa?"

Swali lile lilinikwama kooni, maana ni swali ambalo hata bibi yangu angeliuliza. Katika miaka mitatu ya kazi hii nimegundua kwamba wanaoficha watu si wezi wote. Wengi huhesabu wale wanaotoa pesa tu. Mtoto si mtu, kwa kuwa analala na mamaye. Shemeji si mtu, amepita tu kusalimu, na ati basi la usiku limemwacha. Kampuni yenyewe haimtii hesabuni mtoto wa chini ya miaka 2. Bwana yule, naona, aliwaondoa wote wa chini ya miaka 20, kisha akamwondoa na mzazi wake kwa heshima.

Nilimpigia shangazi. "Watoe!" akasema. Nikamwambia yupo kikongwe. Kukawa kimya, nikasikia magari ya Doha. "Basi watoze."

Sikupaza sauti. Kumfokea mtu mzima mbele ya mamaye na watoto wake ni kuwasha moto ambao utauzima wewe. Nilivuta kiti, nikafungua daftari, nikamwambia yule bwana kwamba tangi letu ni la lita 5,000, linapojazwa huwatosha watu wanne wiki nzima, na kwa watu tisa wanaotoka chumvini kuoga litakauka upesi. Kwamba jirani wa chini ameshalalamika mara mbili kwa mlango wa chuma. Kwamba kamati ya jengo ikiamua kufunga biashara hii shangazi yangu ndiye atakayeumia, si yeye. Nikamtaka shilingi 500 kwa kila kichwa kilichozidi kwa usiku, isipokuwa mama na mtoto wa viatu vya shule. Nikamletea magodoro mawili. Makubaliano nikamwandikia papo hapo kwenye programu tulikopatana, ili ukizuka ugomvi pawe na maandishi. Kisha nikaandika majina yote tisa. Ajuza alinitajia lake kwa sauti kubwa, majina matatu, la baba na la babu, akainama kuona kama naliandika sawasawa. Nadhani tangu afike pwani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wengi hudhani nataka majina kwa ajili ya pesa. Pesa zimo, sikatai. Lakini mwezi Januari 2024 wanawake wawili waliuawa jijini Nairobi, kila mmoja katika chumba kilichokodishwa kwa siku kama hiki chetu. Tarehe 27 mwezi huohuo wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine, na serikali ikatutaka wenye nyumba hizi tujisajili. Nilisoma habari zile nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha shangazi, napiga mashuka pasi, na pasi ikaunguza shuka.

Zile lojingi kuukuu za Mwembe Tayari tunazozicheka kwa kunguni wake zina kitu ambacho nyumba nyingi za zulia na runinga ya ukutani hazina: kitabu kikubwa chenye mistari, na mtu wa kukusukumia kalamu. Huku kwetu wako wenyeji wanaoacha ufunguo chini ya chungu cha maua wakaenda zao. Hawajui nani kaingia. Kamera za ndani Airbnb ilizipiga marufuku tangu 30 Aprili 2024, na ilifanya vyema, maana nani anataka kutazamwa akivua nguo? Basi umebaki na bawabu, daftari na macho yako.

Mwezi Agosti uliofuata, bwana mmoja alikodi siku mbili, mtu mmoja. Saa nne za usiku bawabu akanipigia: "Mgeni wako kaingia na msichana. Nimemwambia aandike jina, kanipita."

Nikapanda. Bwana alinifungulia nusu ya mlango. "Huyu ni mgeni wangu, si wako. Nyumba nimeilipia." Nikamwambia sina neno na wao, ni watu wazima, wala sitaki nyongeza hata shilingi, nataka jina na kitambulisho cha dada, kama nilivyochukua chake.

Msichana akatokea nyuma yake, hasira zimempanda. "Kwani waniona mie malaya?"

"La, dada. Kila anayelala humu namwandika. Nilimwandika hata nyanya wa watu."

Alimtazama yule bwana. Bwana akaitazama runinga. Tukasimama hivyo kitambo, kisha yeye akafungua mkoba, akatoa kitambulisho, akaniomba kalamu ili aandike mwenyewe. Aliandika namba yake ya simu, halafu, bila ya kuambiwa, akaandika ya pili chini yake, na ubavuni: Mama.

Asubuhi bwana aliondoka mapema. Msichana ndiye aliyenirudishia ufunguo. Hakuwa na hasira tena, ila alitaka nichane ule ukurasa. Akasema anafundisha chekechea, na babake ni mtu wa kujulikana mtaani. Jina lake kuonekana katika daftari la nyumba kama ile, na usiku, ni msiba. Hakuwa akisema uongo. Hata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kama mimi kuzurura na majina ya watu. Lakini bwana wake alikuwa na nyumba mpaka saa nne, na angeweza kurudi na mwingine.

Nilimwambia siuchani leo. Daftari hulala kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo ninao mimi, si bawabu wala shangazi.

Akakaa kimya, akavaa ndara zake pale mlangoni, moja, ya pili.

"Basi asilione mtu," akasema.

Hajaliona mtu.