Gari la Kukodi Katika Nchi ya Watu

Ndugu Waislamu, tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwezi wa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, mtu atokaye kwetu Mabatini hangoji tena kivuko, na safari ya Kigali imekuwa nyepesi machoni mwa vijana. Jamaa huchanga fedha za kwenda harusini au matembezini, wakakodi gari, wakapita Geita na Biharamulo hata Rusumo. Twapenda wajue yanayowangoja ng'ambo ya mto Kagera.

Sisi, pamoja na Kenya na Uganda, tulirithi kwa Waingereza kuendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi kwa Wabelgiji upande wa kulia. Hatari haiko sana mpakani, kwani hapo kila mtu yu macho. Iko kesho yake alfajiri, dereva atokapo kwa mwenyeji wake, njia tupu, hana gari la kulifuata, na mkono ukarejea ada yake ya miaka 20. Khasa apindapo kushoto, au aingiapo katika kile tukiitacho kipilefti, ambacho huko hata jina lake si kweli, maana hushikwa kulia.

Tena gari la kwetu, lenye usukani kulia, huko humweka dereva upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, na njia ile ndiyo ya malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, haoni lijalo mpaka nusu ya gari lake imekwisha kutoka. Kwa rai yetu, afadhali kwenda kwa basi na kukodi huko huko gari lenye usukani kushoto.

Kuna na jambo la sharia lisemwalo kwa nadra. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mkono wa mwenye kukodi ni mkono wa amana: kitu kikiharibika pasi na yeye kukosa wala kupuuza, halipi. Lakini aliyekodi mnyama wa kwenda mahali maalumu, kisha akapapita, huyo dhamana imemwangukia. Basi aliyekodi gari la kutembelea Mwanza na Geita, akalivusha Rusumo bila ya idhini, na alipime mwenyewe. Apate ruhusa ya mwenye gari kwa maandishi, na ile bima ya kadi ya manjano ivukayo mipaka.

Wengine hutoa udhuru kuwa hukimbiza gari ili Magharibi isiwapite. Safari hii yazidi mara nyingi kilomita 80 na kitu ambazo kwazo msafiri hupunguza Sala. Na Magharibi ameruhusiwa kuichelewesha akaisali pamoja na Isha. Wengine hukimbilia ndoa iliyowekwa saa 8, wakitazama saa zao za Mwanza, na kumbe Kigali ndiyo kwanza saa 7.